Taa ya servisi na haki ya mwenye gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale tunayoletewa na wenye magari wa Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega na Busia, wengine kwa simu, wengine wakiwa wamesimama kando ya boneti iliyo wazi. Yameanzia kwa mepesi. Kama unachotaka ni kuizima taa tu, nenda sehemu ya pili. Kama una ugomvi na gereji, nenda sehemu ya nne.

## Mambo ya msingi

1. Taa ya servisi inajuaje kwamba oili imechakaa?

Mara nyingi haijui. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku, taa hiyo ni hesabu tu. Mtu aliianzisha sifuri, kompyuta ikaanza kujumlisha kilomita, na jumla ikifika kiwango kilichowekwa, alama ya spana au maandishi hutokea kwenye dashibodi. Hakuna kitu ndani ya injini kinachoionja oili.

Yapo magari yanayokisia kwa ustadi zaidi. General Motors ya Marekani ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kutumia hesabu inayoangalia mizunguko ya injini na joto lake. Honda na BMW nao wana mifumo yao ya aina hiyo, na baadhi ya magari ya Ujerumani yana kipimo cha kiasi na joto la oili chini ya injini. Hata hivyo, mingi ya mifumo hiyo inakisia kutokana na jinsi gari lilivyoendeshwa. Haijui kama fundi aliweka oili ya sinthetiki au ile ya bei ya chini iliyopimwa kutoka kwenye pipa.

Hapo ndipo wenye matatu na teksi wanapoumia. Gari likikaa foleni stejini injini ikiunguruma asubuhi nzima, oili inafanya kazi na kuchoka, lakini hesabu ya kilomita imesimama pale pale. Taa haitawaka, na dereva atasema bado yuko sawa.

2. Nitaitofautishaje na taa nyingine?

Kwa rangi na umbo. Spana, kigari chenye spana, au maandishi ya oili na kilomita: hicho ni kikumbusho, unaweza kuendesha hadi nyumbani ukapanga siku. Umbo la injini la rangi ya njano: kompyuta imeona hitilafu na imeandika namba yake, kwa hiyo inasomwa kwa mashine kabla ya kufutwa. Kibuyu chekundu cha oili: presha ya oili imeshuka. Egesha mahali salama, zima injini, pima oili. Usijiambie utasukuma kidogo tu kutoka Salgaa hadi mjini.

Haya matatu hayana uhusiano. Kuriseti kikumbusho hakuifuti taa ya injini, na kuifuta taa ya injini hakukianzishi kikumbusho upya.

3. Nimetoka servisi jana na taa bado inawaka. Fundi amenidanganya?

Si lazima. Kubadilisha oili ni kazi moja, kuriseti hesabu ni kazi nyingine, na fundi aliyezoea magari ya zamani anaweza kufanya ya kwanza vizuri kabisa akaisahau ya pili. Mpigie simu, au fanya mwenyewe ukifuata maelezo ya swali la 6 na kuendelea.

Udanganyifu wenyewe huja kwa upande wa pili: taa imezimwa, oili haikuguswa. Taa kuzimika hakuthibitishi chochote. Ukitaka uhakika, simama hapo kazi ikifanywa, ona muhuri wa galoni ukikatwa, omba filta ya zamani mkononi, na uvute dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kabla hujalipa. Oili mpya ya injini ya petroli huwa ya rangi ya asali. Ya dizeli huwa nyeusi upesi, kwa hiyo usimgombeze fundi wa pikapu kwa sababu ya rangi.

4. Nikiizima bila kufanya servisi, gari litaharibika?

Siku hiyo, hapana. Ila umejipokonya kikumbusho, na hesabu mpya itakuja kukuita ukiwa umeshapitiliza mara mbili. Kama huna pesa mwezi huu, iache iwake.

5. Stika ya fundi inasema kilomita 5,000, gari linasema zaidi. Nifuate ipi?

Toyota yenyewe, kwa magari ya soko la Japani, inataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na taabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na kilomita 5,000 au miezi sita kwa yenye taabo. Kisha inasema matumizi yakiwa magumu, punguza nusu. Magumu maana yake ni vumbi, barabara mbovu, milima na safari fupi fupi za injini isiyopata joto.

Sasa tazama njia zetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130, na ukipitia Kericho kuna kupanda hadi Mau Summit kabla ya kuteremka kuelekea Ahero. Ongeza vumbi la Njoro na barabara za miwa za Muhoroni na Mumias. Asiye na matumizi magumu huku ni nani?

Rai yetu: gari la nyumbani la petroli, lisilo na taabo, lililowekewa oili ya sinthetiki ya daraja lililotajwa kwenye kitabu chake, kilomita 7,500 zinatosha. Matatu, teksi, gari la taabo au oili ya kawaida, 5,000. Na kama gari linakaa sana, hesabu miezi sita hata kama kilomita hazijafika. Stika ya 5,000 si ulaghai, ingawa fundi naye ana sababu zake za kupenda namba ndogo.

## Kuizima mwenyewe

6. Lazima niende kwa mwenye mashine?

Kwa magari mengi yaliyoko barabarani hapa, hapana. Watengenezaji waliweka njia ya kuriseti kwa vitufe vya dashibodi au vya usukani, na njia hiyo huandikwa ndani ya kitabu cha mwenye gari. Tatizo ni kwamba kitabu kilibaki Japani, au kipo kwenye kisanduku mbele ya abiria lakini hakisomeki (tazama swali la 11).

Kanuni moja inafaa karibu kote: swichi iwe wazi lakini injini isiwe imewaka. Kwa gari la ufunguo, zungusha hadi taa zote za dashibodi ziwake, uishie hapo. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Wanaoshindwa wengi hushindwa hapa, kwa sababu mguu umezoea kwenda kwenye breki.

7. Toyota: Vitz, Axio, Fielder, Premio, Aqua, Prius

Kwa zile zenye taa ya matengenezo ndani ya mita (za Marekani huandika MAINT REQD), njia ya zamani ni hii. Fungua swichi, bonyeza kitufe cha ODO/TRIP (ODO ni jumla ya kilomita za gari, TRIP ni za safari) mpaka uone TRIP A, kisha zima. Sasa shikilia kitufe hicho bila kukiachilia, fungua swichi tena, na uendelee kukishika. Vistari au sifuri zitajitokeza na kuhesabu, mwisho zitasoma 000000 na taa itazimika. Isipokubali, rudia ukianzia kwenye ODO badala ya TRIP A, maana baadhi ya matoleo yanataka hivyo.

Zenye skrini ya rangi kati ya mita hutumia vitufe vya usukani: ingia kwenye mipangilio, tafuta matengenezo au oili, shikilia kitufe cha kukubali. Na Toyota nyingi za soko la Japani hazina kikumbusho hicho kwenye mita kabisa. Kilichokuwa kikikumbusha ni redio yenye ramani, ambayo pengine imeshang'olewa. Kama hujawahi kuiona taa hiyo kwenye Vitz yako, huenda haipo. Stika ya fundi ndiyo kikumbusho chako.

8. Honda: Fit, Vezel, Stream

Honda huonyesha spana pamoja na asilimia ya uhai wa oili, au kilomita zilizobaki. Fungua swichi, bonyeza kitufe cha SEL/RESET hadi usomaji wa oili uonekane, kisha ukishikilie kwa sekunde kumi hivi mpaka uanze kumetameta. Kiachilie, kishikilie tena, usomaji utarudi juu.

Kama Honda yako ilitengenezewa soko la Marekani, utaona pia herufi na namba. A ni oili, B ni oili na filta pamoja na ukaguzi wa breki na vinginevyo. Kisha 1 ni kuzungusha matairi, 2 filta za hewa, 3 oili ya gia, 4 plagi, 5 maji ya rejeta. Soma na uandike herufi hizo kabla ya kuriseti, kwa sababu zikishafutika hutajua gari lilikuwa likiomba nini.

9. Nissan na Mazda

Hizi zina kitu ambacho wengi hawakijui: kiwango cha kilomita kinaweza kuwekwa na mwenye gari mwenyewe. Kwenye Nissan yenye skrini kati ya mita, kama X-Trail, ingia mipangilio, kisha matengenezo. Utakuta oili, filta, matairi na nafasi ya ziada, kila moja na umbali wake. Kwenye Mazda yenye skrini kubwa, kama Axela, Demio na CX-5 za miaka ya karibuni, ingia kwenye programu, kisha hali ya gari, kisha matengenezo.

Maana yake, kikumbusho kinachokusumbua leo huenda kiliwekwa na mtu wa Osaka kwa barabara za Osaka. Weka chako. Demio na CX-5 za dizeli zina jambo lao la pekee, liko swali la 22.

10. Volkswagen, BMW na Mercedes

Volkswagen za zamani kidogo: shikilia kitufe cha 0.0/SET swichi ikiwa imefungwa, fungua swichi, achilia, kisha thibitisha. Zenye skrini: ingia kwenye gari, kisha servisi, kisha riseti. BMW: swichi wazi, shikilia kitufe cha TRIP hadi orodha ya servisi ijitokeze, chagua kipengele, shikilia tena. Mercedes hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tafuta maelezo ya toleo lako hasa.

Kwa BMW, ukijaribu kuriseti pedi za breki gari likakataa, kuna waya mdogo kwenye pedi unaokatika pedi ikiisha. Ukishakatika lazima ubadilishwe. Hapo gari liko sahihi na fundi aliyeruka hatua hiyo ndiye mwenye kosa.

11. Kila kitu kimeandikwa Kijapani. Nitaanzia wapi?

Fungua programu ya kutafsiri kwenye simu, ielekeze kamera kwenye skrini. Inatosha kwa kazi hii. Ukipenda kutambua kwa macho, maneno unayoyahitaji ni machache: オイル ni oili, メンテナンス ni matengenezo, 設定 ni mipangilio, リセット ni kuriseti, はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kubonyeza, ili ukipotea ujue njia ya kurudi.

Kubadilisha lugha ya skrini ni jambo tofauti. Magari mengi ya soko la Japani hayana lugha nyingine ndani yake, na anayekuahidi kuibadilisha kwa dakika tano muulize kwanza atakachofanya redio ikizimika moja kwa moja.

12. Gari huniambia kitu kwa Kijapani kila ninapoliwasha. Ni servisi?

La. Hicho ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara kuu za Japani, na yule mama anakuarifu kwamba kadi haijaingizwa. Hataichoka kazi yake. Mwambie fundi wa umeme achomoe waya wake, kwa kawaida kifaa kiko chini ya dashibodi au ndani ya kisanduku cha abiria. Ni jamaa wa ile redio inayokwama kwenye 90, kwa sababu FM ya huko huanzia 76.

13. Kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani kitanisaidia?

Kwa taa ya injini, sana. Kwa kikumbusho cha servisi, mara nyingi hapana. Tundu lile la pini 16 liliwekwa kwa ajili ya moshi: Marekani ililazimisha magari ya mwaka wa 1996 kwenda mbele kuwa nalo, Ulaya ikafuata kwa petroli mwaka wa 2001. Sheria hizo zilihakikisha kwamba hitilafu zinazohusu moshi zinasomwa kwa lugha moja na mtu yeyote. Hesabu ya servisi haikuwemo, kwa hiyo kila kampuni inaificha kwa lugha yake.

Bado tunashauri ukinunue, kwa kuwa bei yake ni ndogo na kitakuwezesha kuisoma namba ya hitilafu kabla fundi hajakutajia kipuri. Ukimaliza kichomoe. Kikiachwa hapo kinakunywa betri, na vingi vina namba ya siri ya 1234 ambayo kila mtu anaijua.

## Fundi na mashine

14. Ni lini mashine ya fundi inahitajika kweli?

Kwa mambo kama haya: kufungua breki ya mkono ya umeme kabla ya kubadilisha pedi za nyuma, kusajili betri mpya kwenye BMW na jamaa zake, kunyoosha kipimo cha usukani baada ya kupanga magurudumu, na magari ambayo menyu ya servisi imefungwa. Kwa breki ya umeme, fundi anayesukuma pistoni kwa nguvu bila kuiweka katika hali ya matengenezo anaweza kuvunja mota. Muulize kabla hajatoa gurudumu.

Mashine kama Launch na Autel hufanya kazi hizi zote kwa magari mengi, nazo ziko kwa mafundi wa Nakuru na Kisumu. Lipia ujuzi wa kusoma, si kuchomeka waya. Kubonyeza vitufe kwa njia ya swali la 7 hakustahili kuandikwa kwenye risiti kama kazi ya kompyuta.

15. Mashine inaliona gari lakini haliruhusu chochote kufutwa. Kwa nini?

Kuna kufuli ya programu kati ya tundu na kompyuta za gari. Chrysler na Fiat waliianza kwa magari ya kuanzia 2018 hivi. Volkswagen ina yake iliyokuja na Golf 8 mwaka wa 2020. Mashine inaweza kusoma, lakini ili iandike au ifute inahitaji kibali kutoka kwenye seva ya mtengenezaji kupitia intaneti, kwa akaunti iliyosajiliwa. Sababu inayotajwa ni usalama dhidi ya wadukuzi, na ni sababu ya kweli. Lakini kufuli hiyo hiyo inamfungia nje fundi wako.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu ya sheria ya miaka minane. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa, kwa hiyo kila kufuli inayobuniwa Ulaya na Japani hufika Nakuru, kwa kuchelewa tu. Kabla ya kununua gari la Ulaya la 2020 au baadaye, mpelekee fundi wako aina na mwaka, umuulize kama mashine yake ina akaunti ya kulifungua.

16. Kuriseti servisi si sawa na kurudisha mita nyuma?

Ni vitu viwili mbali kabisa. Kuriseti kunagusa kikumbusho, na ODO inabaki ilivyokuwa. Kupunguza ODO ni kumwibia atakayenunua. Kuriseti ni haki yako, na anayekwambia ni kosa anachanganya mambo au anataka umlipe.

## Haki yako

17. Je, sheria ya Kenya inanipa haki ya kutengeneza gari langu?

Kenya haina sheria mahsusi ya haki ya kutengeneza inayomlazimisha mtengenezaji wa magari kutoa vitabu na programu zake. Ulichonacho ni hiki.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kwa maoni yetu, maelezo ya kuriseti kikumbusho ni habari ya aina hiyo hiyo, na ukiuziwa gari jipya bila kitabu unachoweza kukisoma, ibara hii ndiyo ya kutaja kwenye barua.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, yenye sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inazungumzia makadirio ya gharama, idhini yako kabla ya kazi, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Watu wengi hawajui kwamba kuomba filta ya zamani si ukorofi.

18. Nikimpelekea fundi wa jua kali, waranti itakufa?

Kwanza jiulize kama unayo. Gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida halina waranti ya mtengenezaji hapa Kenya, kwa hiyo tisho hilo halikuhusu. Kama mwuzaji alikuandikia waranti yake mwenyewe, isome.

Kwa gari jipya, jibu liko ndani ya mkataba. Soma sehemu ya servisi kabla ya kutia sahihi. Ikiwa inasema servisi lazima ifanywe kwao, jadiliana mapema au kubali kwa macho wazi. Ikiwa inasema servisi ifanywe kwa wakati na kwa oili ya daraja fulani, tunza risiti zinazoonyesha tarehe, kilomita, aina ya oili na namba ya filta. Risiti iliyoandikwa "servisi" peke yake haitakuokoa.

19. Nchi nyingine zimefanyaje?

Zimetangulia, na inafaa kuzijua kwa sababu magari ni yale yale. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya magari mwaka wa 2012, na mwaka wa 2020 wapiga kura wakaipanua ifikie data inayorushwa hewani. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni nambari 2018/858 inayotumika tangu Septemba 2020, unawataka watengenezaji kuwapa mafundi huru habari za ukarabati kwa ada ya haki. Tarehe 5 Oktoba 2023 mahakama kuu ya umoja huo iliamua, katika kesi dhidi ya FCA Italy, kampuni ya Fiat, kwamba mtengenezaji hawezi kuweka masharti ya ufikiaji wa tundu zaidi ya yale ya kanuni. Ndiyo kufuli ya swali la 15 iliyokuwa kizimbani. Australia ina mpango wake tangu Julai 2022.

Kwetu mfano wa karibu ni Afrika Kusini. Tume ya Ushindani ya huko ilitoa miongozo iliyoanza Julai 2021, inayomruhusu mwenye gari kufanya servisi kwa fundi huru bila kuipoteza waranti yote kwa sababu hiyo tu. Kenya ina Mamlaka yake ya Ushindani na sheria ya ushindani ya 2010. Haihitaji kubuni kitu kipya.

20. Gereji imekataa kunipa vipuri vya zamani na bili imeongezeka maradufu. Nifanye nini?

Usianze kwa kelele. Omba bili iliyochanganuliwa, vipuri na kazi mbalimbali, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Taja sheria ya 2012. Mara nyingi hapo ndipo hesabu hushuka. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na imekusudiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Makadirio ya awali yakiwa kwenye simu yako, kesi ni nyepesi. Yakiwa ya mdomo, ni neno lako dhidi ya lake.

21. Gari linakusanya habari zangu?

Likiwa na redio uliyounganisha simu, angalau majina na namba zako zimo. Zifute kabla ya kuuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda dhidi ya kampuni, haikulindi dhidi ya uvivu wako.

## Kesi za pembeni

22. Gari la dizeli: taa inarudi kila mara kabla ya kilomita kutimia

Angalia kama lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi, na kazi hiyo inataka mwendo wa barabara kuu. Ukiendesha mjini tu, kutoka Milimani hadi Kondele na kurudi, usafishaji unakatizwa na dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili. Oili inaongezeka badala ya kupungua.

Mazda za Skyactiv-D, yaani zenye injini ya dizeli, zina alama ya X kwenye dipstiki, juu ya alama ya kujaa. Oili ikiifikia, badilisha, haijalishi kilomita. Injini hizo pia hukisia kiasi cha dizeli kilichochanganyika, kwa hiyo baada ya kumwaga oili ni lazima kompyuta iambiwe kwamba oili ni mpya. Usipofanya hivyo, itaendelea na hesabu ya oili iliyokwisha mwagwa.

Lori au basi dogo linalotumia AdBlue likionyesha kilomita zinazohesabiwa kurudi nyuma, hilo nalo si kikumbusho. Ni onyo kwamba injini haitapiga stata hesabu ikiisha, na halifutiki kwa kitufe. AdBlue ni urea ya asilimia 32.5 ndani ya maji yaliyosafishwa. Maji ya mfereji ndani ya tangi hilo yatakugharimu pampu nzima.

23. Haibridi ina servisi yake ya pekee?

Kikumbusho huzimwa kama swali la 7. La ziada ni feni ya betri kubwa, inayovuta hewa kupitia tundu kando ya kiti cha nyuma. Kwa vumbi letu, isafishwe kila servisi, na mtoto asiwekewe begi la shule mbele yake. Nyaya za rangi ya machungwa ziachie aliyefunzwa.

24. Nimenunua gari, sijui lilifanyiwa servisi lini na taa haiwaki

Chukulia halijafanyiwa. Badilisha oili na filta zote, kagua oili ya gia, maji ya rejeta na ya breki, riseti kila kitu siku moja, na uandike kilomita za siku hiyo. Kama mwuzaji aliriseti ili lionekane safi, utakuwa umeifuta hila yake kwa gharama ya galoni moja ya oili.

25. Na trekta?

Huku ndiko haki ya kutengeneza inakouma zaidi, kwa sababu trekta likigoma wakati wa kuvuna ngano Mau Narok au kubeba miwa Chemelil, hakuna la pili la kupanda. Matrekta mapya yana kompyuta zinazosimamisha mashine kwa hitilafu ya kipimo kimoja, na programu ya kuifuta iko kwa wakala. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria kwa ajili ya wakulima mwaka wa 2023. Januari 2025 tume ya biashara ya shirikisho la Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki kampuni ya matrekta ya Deere & Company kwa kuwabana wakulima na mafundi huru katika ukarabati.

Ukinunua trekta jipya, au la mtumba lenye skrini, uliza maswali mawili kabla ya bei: nani mkoani huku ana programu ya kufuta hitilafu, na anafika shambani kwa siku ngapi. Yaandike majibu kwenye hati ya mauzo. Kama mwuzaji hataki kuyaandika, Massey ya zamani isiyo na kompyuta bado inapatikana Njoro, na fundi wake ni jirani.